Mikono ya Kocha Telesphori

Kabla ya kwenda shule, Nelly alikuwa na kazi zake ambazo hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Alifagia uwanja wa nyumba, akachota maji bombani kwa jirani, kisha akamnawisha uso mdogo wake Fredy, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea na kila alichokiona chini alikiokota. Wakati huo mama yao alikuwa ameshawasha jiko la mkaa. Asubuhi jiko hilo lilibeba sufuria ya chai. Jioni, mama akirudi kazini, lilibeba kijiko cha chuma chenye dhahabu.

Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, nyumba nyingi ziko hivyo. Wanaume huingia kwenye mashimo kuchimba mawe, mawe husagwa kwa mashine, na akina mama kama Mama Nelly huosha mchanga wake mwaloni, yaani pale penye mabwawa ya kuoshea. Mchanga huoshwa kwa maji na zebaki. Zebaki ni maji mazito yenye rangi ya fedha. Ikipita mchangani huzikamata punje za dhahabu ambazo jicho halizioni, ikazishika mpaka zikawa donge moja dogo. Donge hilo huwekwa motoni, zebaki ikaondoka na moshi, dhahabu ikabaki kijikoni. Nelly alikuwa ameiona kazi hiyo tangu angali anabebwa mgongoni. Kichupa cha zebaki kilikaa jikoni kwao, kwenye ubao wa juu, kando ya chumvi na majani ya chai, na hakuna aliyekiona kuwa ni mgeni pale.

Nelly alikuwa darasa la sita, na alikuwa kipa wa timu ya wasichana ya shule yao. Mikono yake ilikuwa mirefu kuliko umri wake, na hilo kila mtu alilisema. Glavu alizovaa zilikuwa za kocha wao mwenyewe, Kocha Telesphori, za enzi zake za kucheza. Zilikuwa kubwa hata vidole vyake havikufika mwisho, akazifunga kwa kamba za viroba zisichomoke. Hata hivyo, asingekubali kuzibadilisha na mpya. Kuvaa glavu za Telesphori pale Nyarugusu halikuwa jambo dogo.

Habari za kocha huyo kila mtu alikuwa nazo, na kila mtu alizisimulia kwa namna yake. Alizaliwa hapo hapo, mtoto wa Bibi Mbuke. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwa mjomba wake mwenye mashimo. Vijana walijipanga mstari, kiroba cha mawe kikitoka shimoni kinarushwa mkono kwa mkono hadi kwenye gari. Wengine waliviangusha, wengine vikawaangusha wao. Telesphori hakuwahi kuangusha kimoja. Ndipo watu wa mpira wakamwona, wakasema mikono hiyo ina kazi nyingine, wakamsimamisha golini.

Alianza na timu ya mtaani, akaenda Geita mjini, kutoka Geita akachukuliwa na timu kubwa ya Shinyanga. Huko mashabiki walimpa jina la Sumaku. Walisema mpira ukimwona unaenda wenyewe. Iko mechi moja ambayo wazee wa Nyarugusu bado wanaisimulia kana kwamba walikuwa nyuma ya goli wote: timu yake inahitaji sare ili ipande daraja, dakika zimekwisha, wapinzani wanapata penalti, na Telesphori anaudaka mpira. Hakuupangua, aliudaka kabisa, akabaki amelala kifudifudi ameukumbatia kama mtoto. Siku hiyo walimbeba mabegani kutoka uwanjani mpaka katikati ya mji.

Halafu mambo yakageuka. Mpira mwepesi, ambao hata mtoto angeudaka, ukampita mikononi. Watu wakasema ni bahati mbaya. Ukampita mwingine. Wakasema ameuza mechi. Alipoendelea kukosea na uso wake ukaonekana ni wa mtu anayeumia kweli, maneno yakabadilika tena, wakasema amerogwa. Kipa wa timu pinzani amefukia chura chini ya mstari wa goli, na kila mpira ukija, chura anaipiga ile mikono. Nyarugusu waliipenda hadithi ya chura, wakabaki nayo.

Telesphori aliacha kucheza akiwa katika umri ambao makipa wengine ndiyo kwanza wanaiva. Kwa muda hakuna aliyejua yuko wapi. Kisha akasikika Kahama, mtaa wa Nyahanga, anafundisha watoto kwenye uwanja wa vumbi. Watoto wale wakashinda, wakakua, baadhi yao wakaingia timu ya mji. Mwishowe mji wenyewe ukamwita awe kocha mkuu, akaipandisha timu daraja. Makocha wengine hurusha mikono na kupiga kelele pembeni ya uwanja mpaka wanakaukwa na sauti. Yeye alisimama kimya, mikono mfukoni, akaita mchezaji mmoja, akamwambia neno moja. Redioni walimsifu kwa utulivu wake. Vijana wakaanza kumwiga, ukiwakuta wanatazama mpira wote wameingiza mikono mfukoni.

Miguu ya Bibi Mbuke ilipoanza kuchoka, Telesphori aliiacha timu ya watu akarudi nyumbani kumtunza mama yake. Mwalimu mkuu hakumpa nafasi ya kupumzika. Alimwendea, akamwomba awafundishe wasichana jioni, naye akakubali. Wasichana wakawa wanasimama kama yeye, mikono kwenye mifuko ya sketi, na asiye na mfuko akaiweka nyuma. Kitu kimoja tu walikiona na kukinong'ona. Kocha hakuwahi kudaka mpira. Ukimjia aliusimamisha kwa mguu. Hata glavu, siku ile alipompa Nelly, alimtuma mtoto wa jirani.

"Chura bado yumo," alisema Mageni, mshambuliaji wao, msichana mwenye mbio na mdomo wake wenye mbio zaidi.

Basi mambo yalikuwa hivyo mpaka walipocheza mechi ya kujipima na shule ya jirani. Mpira ulikuja unatambaa, hauna nguvu, Nelly akainama kuuokota. Ukapita katikati ya mikono yake na miguu yake, ukaingia. Wakafungwa kwa goli hilo hilo. Njiani kurudi, Mageni alitembea mbele akiwageukia wenzake.

"Jamani, chura amehama. Alikuwa kwa kocha, sasa yuko kwa kipa wetu."

Walicheka wote, hata Dorika, kipa wa akiba, ambaye kwa kawaida hakumcheka mtu. Nelly naye alicheka ili isionekane kwamba imemuuma. Lakini kicheko chao alifika nacho nyumbani, akala nacho, akalala nacho. Jumamosi walikuwa wanawasubiri wageni kutoka Kharumwa, timu iliyokuwa imeshinda mechi zake zote. Kama ataukosa mwingine mbele ya shule nzima, glavu zile zitakwenda kwa Dorika, na jina la chura litabaki kwake hata akiwa bibi.

Kesho yake Kocha Telesphori hakumgombeza. Alimwita yeye na Dorika pembeni, akasogeza mawe mawili kwa mguu, akawaambia wapite kati yake kwa hatua fupi za ubavu, waende na kurudi, bila mpira.

"Mpira unadakwa na miguu, Nelly," alisema, mikono ikiwa mfukoni. "Mikono inamalizia tu. Jana miguu yako ilikuwa imelala."

Nelly alisema ndiyo, Kocha. Lakini moyoni hakuamini. Kama ni miguu, mbona yeye mwenyewe hatoi mikono mfukoni? Aliona kocha anamficha jambo.

Jioni hiyo alikaa jikoni akimpepea mama yake moto. Mama alikuwa ameshika kijiko juu ya mkaa, na moshi mwembamba ulipanda kwenye mabati. Nelly alilitazama lile donge la fedha. Akawaza namna zebaki inavyopita kwenye karai lote la mchanga na isiache hata punje moja. Haikosi, na ikishakamata haiachii mpaka motoni. Sumaku ndilo lilikuwa jina la kocha alipokuwa mzima. Na sumaku ya Nyarugusu ni ipi kama siyo hii?

Ni wazo la mtoto wa machimbo, na mtoto wa mahali pengine asingelipata. Mama alipotoka kuanua nguo, Nelly alipanda juu ya kigoda, akafungua kichupa, akamimina matone kwenye kiganja. Yalikuwa mazito na ya baridi, yakikimbizana mkononi. Akayaingiza ndani ya glavu, akasugua viganja vyake, akasugua na upande wa nje. Kisha akazificha glavu chini ya godoro alilolalia yeye na Fredy.

Mazoezi yaliyofuata alidaka kila kitu. Mageni alipiga kulia, akadaka. Alipiga juu, akadaka. Alipiga kwa hasira, mpira ukatua kifuani kwa Nelly ukatulia. Dorika akapiga makofi, na Mageni mwenyewe akasema labda chura amekufa. Nelly hakumwambia mtu. Kila jioni aliongeza matone kidogo, na kila usiku glavu zililala chini yake. Kichwa kilianza kumuuma asubuhi, na mdomoni alikuwa na ladha kama ya mtu aliyelamba sarafu. Akasema ni jua.

Alhamisi, wakiwa mazoezini, kamba ya glavu ya kulia ilikatika. Nelly alizivua zote mbili, akaziweka pembeni ya goli, akaenda kutafuta kamba nyingine kwenye mfuko wake. Kocha Telesphori alikuwa amesimama karibu. Aliinama akaiokota ile glavu ya kulia, labda kwa sababu ilikuwa yake zamani, akaikung'uta vumbi. Tone likadondoka kiganjani mwake.

Nelly aligeuka akaona. Kwa mara ya kwanza aliuona mkono wa kocha ukiwa wazi, na ulikuwa unatetemeka. Haukuwa mtetemeko wa baridi wala wa hasira. Ulitetemeka wenyewe, kama jani, na lile tone la fedha lilicheza juu yake huku na huku. Kocha aliliangalia kwa muda. Kisha akaliachia likaanguka kwenye mfuko wa nailoni, glavu zote mbili akazitia humo, akafunga, akaenda kunawa mikono bombani kwa sabuni. Akawaita wote.

Hakupandisha sauti. Aliwaambia kwamba ndani ya glavu hizi mtu ameweka zebaki. Alisema hamtafuti mtu huyo ili amchape. "Aliyeitia humu ameishika kwa mikono mitupu, anahitaji kuonwa na mganga kwenye zahanati, tena mapema. Na Jumamosi hachezi, apumzike. Ni nani?"

Wasichana walitazamana. Nelly aliisikia ile habari ya Jumamosi peke yake, mengine yote yakampita. Alijiona amekaa chini, Kharumwa wanashangilia, Mageni anamwangalia. Mdomo ukatangulia.

"Labda Dorika, Kocha. Huwa namwazima."

Ni kweli alikuwa amemwazima, mara moja, kabla ya zebaki. Dorika alikuwa mtoto wa kunyamaza, na mtu wa kunyamaza akisingiziwa huonekana kama amekiri. Machozi yalimtoka tu. Kocha alimwangalia Dorika, akamwangalia Nelly kwa muda mrefu zaidi, akasema kwamba kesho asubuhi atampitia Dorika na mama yake wakaenda zahanati.

Nelly alifika nyumbani mapema kuliko siku zote. Mama alikuwa bado mwaloni, na jirani aliyemwangalia Fredy alimkabidhi mtoto akaenda kupika. Nelly alikaa kizingitini akijaribu kufurahia kwamba Jumamosi atadaka. Hakufurahi. Alipogeuka kumtafuta Fredy, alimkuta amekaa chumbani pembeni ya godoro, kimya kabisa, kama watoto wanavyonyamaza wakipata kitu. Vipunje vya fedha vilikuwa vimedondoka sakafuni. Alikuwa anavifukuza kwa kidole, vinagawanyika, anacheka. Alichukua kimoja, akakiangalia, akafungua kinywa.

Nelly alimrukia. Alimkung'uta mkono, akamwingiza kidole kinywani, hakujua kama amemeza au hajameza. Fredy alilia kwa kunyang'anywa kitu chake. Ndipo likamjia lile neno lililompita uwanjani, kwamba aliyeshika zebaki anahitaji mganga. Kesho mganga atamwangalia Dorika, ambaye hana kitu. Na Fredy atabaki hapa, juu ya godoro hili.

Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya mama, akakimbia mpaka kwa Bibi Mbuke.

Bibi alikuwa anammiminia mwanawe chai. Kikombe kilikuwa nusu tu, na Telesphori alikishika kwa mikono miwili. Nelly alisahau hata kuamkia.

"Ni mimi, Kocha. Siyo Dorika. Na Fredy ameishika zebaki, sijui kama amemeza."

Kocha aliweka kikombe chini, chai ikamwagika mezani, hakuijali. Hakuuliza kwa nini. Alimwuliza Fredy alishika kiasi gani na imetoka wapi, akamwomba Bibi amtume mtoto wa jirani kumwita Mama Nelly mwaloni, akamchukua Fredy mikononi. Walitembea haraka kwenda zahanati, na njia nzima Nelly aliitazama ile mikono inayotetemeka jinsi ilivyomshika mdogo wake, wala haikumwachia.

Mganga, mwanamke mpole mwenye miwani, alimpima Fredy, akamwangalia Nelly macho, ulimi na vidole. Alisema mtoto yuko salama, na hata kama amemeza kipunje kimoja kitapita. Kibaya zaidi, alisema, ni hewa yake. Zebaki ikiwekwa ndani inatoa mvuke usioonekana, na ikichomwa inatoa mvuke mwingi zaidi, mtu anauvuta bila kujua. Aliwapa vichupa vya mkojo wapimwe, na Mama Nelly, aliyefika anahema na tope miguuni, akapewa chake.

Walipokuwa wamekaa kwenye benchi la nje wakisubiri, Nelly alimwuliza kocha swali ambalo Nyarugusu nzima haikuwahi kumwuliza usoni.

"Kocha, ni chura kweli?"

Mama Nelly alitaka kumkanya. Telesphori akacheka kidogo.

"Hakuna chura," alisema. "Ni mjomba wangu na jiko lake."

Akawaeleza. Katika miaka yote ya kucheza, kila ligi ilipopumzika alirudi nyumbani kumsaidia mjomba kuchoma dhahabu. Mjomba aliogopa wezi, kwa hiyo walichomea ndani, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa gunia. Yeye ndiye aliyeinamia kijiko. Hakuna aliyejua kuwa ule moshi una neno, maana hata mjomba aliuvuta. Mkono ulianza kutikisika kwenye kikombe, ukafika golini. Wenzake walimpeleka kwa waganga wa kienyeji, wakachanja mikono, wakamwogesha dawa, na kila akipata nafuu kidogo alirudi kwa mjomba na kijiko. Hatimaye daktari mmoja wa Mwanza alimwuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: mpira ukipumzika, wewe unafanya kazi gani?

Kazi ya kijiko aliiacha siku hiyo, lakini mikono ilikuwa imeshazoea kutetemeka. Alikaa Kahama kwa hasira, hakutaka hata kuusikia mpira redioni. Mpaka siku alipokaa kwenye uwanja wa Nyahanga kwa kukosa pa kwenda, akawaona watoto wanacheza, akajikuta anajua mpira utakwenda wapi kabla haujapigwa. Macho yalikuwa mazima. "Nikasema, kumbe kingi nilichokuwa nacho hakikuwa mikononi," alisema. "Nilikuwa naona. Nikaanza kuwaonesha watoto wale."

Nelly aliinama. Alisema alidhani zebaki inashika mpira kama inavyoshika dhahabu, na kweli alidaka kila kitu.

"Ulidaka kwa sababu ya yale mawe mawili," alisema kocha. "Miguu yako iliamka. Sikukuona ukikosa hatua hata moja wiki hii. Hiyo ilikuwa kazi yako mwenyewe, ukaenda kuipa zebaki sifa."

Hilo lilimwuma Nelly kuliko fimbo.

Ijumaa alisimama mbele ya timu nzima. Alikuwa amejiandalia maneno mengi, yote yakapotea. Alisema tu kwamba ni yeye aliyeweka, na kwamba alimsingizia Dorika kwa sababu alitaka kucheza. Akamwomba Dorika msamaha. Dorika akasema amemsamehe, lakini asirudie kumwazima kitu chochote. Wakacheka, na safari hii Nelly alicheka kweli. Mageni alikuwa anachora chini kwa kidole cha mguu. Alisema naye habari ya chura ilianzia kwake, basi aiache.

Glavu za Sumaku hazikurudi. Bwana afya alikuja kwa pikipiki na ndoo yenye mfuniko, akazitia humo, na godoro nalo likaondoka. Telesphori alizisindikiza kwa macho mpaka pikipiki ikapotea.

Jumamosi Dorika alisimama golini mikono mitupu. Nelly alidhani ataambiwa akae na watazamaji. Kocha alimwita akae kando yake kwenye benchi. Kharumwa walikuwa hodari kama walivyosemwa. Msichana wao mmoja mwembamba alimpita beki, akapiga, likawa goli. Nelly alijiziba uso.

"Usijizibe," alisema kocha. "Hapa kazi yetu ni kuona. Yule aliyefunga, umeona nini?"

Nelly hakuwa ameona kitu. Akaanza kutazama. Mwanzoni aliona mpira tu, kama watu wote. Baadaye akaacha kuufuata mpira, akamfuata yule msichana. Akaona kwamba kabla ya kupiga huinamisha bega la kushoto, na mpira huenda upande huo huo. Akatazama tena na tena asije akakosea, kisha akamwambia kocha.

"Mwambie Dorika wewe," alisema Telesphori.

Wakati wa mapumziko Nelly alimwendea Dorika, akamwonesha lile bega. Kipindi cha pili yule msichana akatoroka tena, akainamisha bega. Dorika alikuwa ameshapiga hatua zake fupi za ubavu. Mpira ulimkuta anausubiri. Muda mfupi baadaye Mageni alikimbia na mpira aliotupiwa na Dorika, akasawazisha, na Kharumwa wakaondoka na sare yao, wa kwanza kuwazuia wakiwa ni watoto wa Nyarugusu.

Ndipo wote wakaona jambo. Kocha Telesphori alikuwa amesimama pembeni ya uwanja, mikono iko nje ya mifuko, anapiga makofi. Yalikuwa makofi yasiyokutana sawasawa, mengine yakipishana. Hakuna aliyecheka.

Majibu ya vipimo yalipokuja, ya Nelly na Fredy hayakuwa mabaya. Ya Mama Nelly ndiyo yaliyomfanya mganga avue miwani. Alimweleza kuwa bado mapema, akiacha kuuvuta ule moshi mwili utajisafisha, lakini aache kweli. Mama alirudi nyumbani akakaa mbele ya jiko lake bila kuliwasha. Kesho yake alianza kuzungumza na wenzake wa mwaloni. Bwana afya aliwaletea chombo cha kuchomea chenye mfuniko na bomba, kinachourudisha moshi ukawa zebaki tena badala ya kuingia kifuani mwa mtu. Wakakiweka mbali na nyumba, mahali pa upepo, wakakubaliana kwamba hakuna atakayechoma jikoni tena, na mtoto asiikaribie kazi hiyo. Kichupa nacho kilitoka kwenye ubao wa chumvi, kikafungiwa huko huko mwaloni.

Jumapili moja baada ya misa Mama Nelly aliwapeleka wanawe kwa Bibi Mbuke kushukuru, na wasichana wa timu wakafuata, kwa maana palikuwa na chai na maandazi. Walipokuwa wameketi, mama alisema neno lake, na hakulisema kwa Nelly peke yake.

"Mimi niliiweka zebaki karibu na chumvi kwa sababu kila siku niliiona, na kitu unachokiona kila siku unaacha kukiuliza. Wenzetu walimwona Telesphori anatetemeka, badala ya kumwuliza wakatunga chura. Nelly akatia zebaki kwenye glavu, akaogopa kusema, kidogo mwenzake abebe lawama isiyo yake. Wanangu, mwili ukikuambia jambo, useme. Ukikosea, useme siku hiyo hiyo, hata kama utakosa mechi. Mechi ipo nyingine."

Wakaitikia. Bibi Mbuke aliinua birika amhudumie mwanawe kama kawaida. Telesphori akalipokea kutoka mkononi mwake, akasema leo atajimiminia. Birika likatikisika, chai ikaanza kucheza nje ya kikombe.

Nelly alisogea hatua mbili fupi za ubavu, akakishika kikombe kwa chini, akakipeleka kila mdomo wa birika ulikokwenda, kulia na kushoto, mpaka kikajaa.